Kumbikumbi wa Muscat

Tabora, 9 Machi 1975

Shoga yangu Soma,

Shule tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Leo nikianza hivyo nitakuwa nimeanza na uongo. Muhanna amefariki. Ilikuwa mwezi uliopita, Ijumaa alfajiri, nyumbani kwetu Usoke. Sasa niko Tabora kwenye nyumba ya wazazi wangu, nakaa eda.

Watu wanasema ni kifua. Mimi nasema mume wangu alianza kuondoka siku alipofunga duka. Unamjua Muhanna, hakuuza hata kibiriti bila kumuuliza mtu habari za ng'ombe wake. Wanakijiji walipohamishiwa kijiji kipya ng'ambo ya reli, duka la ushirika likafunguliwa huko huko, sisi tukabaki tunatazamana na mizani. Hakugombana na mtu. Kila asubuhi alifuta vumbi, akafungua milango, akangoja. Mwisho akaifunga akasema kichwa kinamuuma, na hakuifungua tena.

Siku za matanga nyumba ilijaa, sasa kila mtu amerudi kwenye shughuli zake, na wao wana haki. Mwanamkuu, yule mpangaji wa chumba cha uani anayeshona nguo, ndiye ananiletea habari za mjini: sukari imekuja, sukari imekwisha. Mtoto sikujaaliwa, kwa hiyo hakuna hata wa kunigombeza nisipokula.

Kaka Thuwaini yuko Dar es Salaam anahangaikia karatasi za Muscat. Ami Nabhan, anayeishi huko huko, ametuandikia barua kwa serikali ya huko kwamba sisi ni damu yake, na jina langu limo pamoja na la Thuwaini na mkewe na watoto. Eda ikiisha tunapanda ndege. Babu alitoka huko, akaja na msafara kutoka Bagamoyo, alipofika Tabora akaona inatosha. Sasa mimi narudi mahali ambapo sijawahi kwenda. Lakini nitakwenda, maana hapa nimebaki na kuta.

Nina swali, na safari hii sikutanii. Zamani nikija kwenu nyumba za reli mapema, nilikuwa nakukuta umefumba macho mbele ya kitaa chako cha mafuta na maua, nami nikifikiri unasinzia. Ulikuwa unafanya nini? Swala tano ninazo, alhamdulillahi. Ile nafasi iliyo kati ya swala na swala ndiyo inayonishinda. Nifundishe kitu cha kufanya na siku.

Nisalimie baba yako. Mwambie tangu aache kazi yake ya simu pale stesheni mkarudi kwenu Seloni, habari zote zinatufikia zimechacha. Na wagonjwa wa hospitali ya Kitete bado wananiuliza yule sista wa Kiseloni atarudi lini.

Wako,
Nunu


Galle, Sri Lanka, 2 Aprili 1975

Ndugu yangu Nunu,

Pole sana. Nimekulia uani kwenu, kwa hiyo nasema kama mama yako angesema: inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Muhanna alikuwa akinipa peremende hata nilipokuwa mtu mzima na kofia ya uuguzi kichwani.

Salamu zako hazikumkuta baba. Alifariki mwezi wa Desemba. Siku za mwisho alikuwa akiniuliza kama treni ya Kigoma imeshapita, nami nikimjibu imepita, imekwenda salama. Sikukuandikia kwa sababu nilikaa na kalamu na maneno hayakuja. Naishi kwa shangazi. Kisingala changu ni cha watu wawili, changu na baba, na huku kila mtu anakisema haraka. Watoto wa shangazi wananiita Mwafrika. Kiswahili nasema na paka.

Swali lako. Ni jambo dogo, usitegemee muujiza. Unakaa chini, mgongo umenyooka, unaifuata pumzi yako ikiingia na ikitoka. Moyo utakimbia kwenda Usoke, au kwa mwenye duka la ushirika. Usiupige. Urudishe taratibu, kama unavyomrudisha mtoto mwenye usingizi. Kisha unatakia watu mema, kwa zamu: kwanza wewe mwenyewe, halafu unayempenda, halafu mtu ambaye hakupendezi wala hakuudhi, mwisho yule anayekukera. Unasema, awe salama, asiwe na hofu, moyo wake upoe. Basi.

Mengine ni ya kila siku. Ukila, kula, usile huku unapiga hesabu ya kesho. Ukifagia, fagia, usifagie huku unagombana na marehemu. Neno likija mdomoni, lipime kama ni la kweli na kama lina faida, ndipo ulitoe. Na hiki ambacho Budha alikirudia mpaka mwisho: kila kilichokuja kitakwenda, hata huu uzito ulio kifuani mwako. Najua hapo utanuna. Mimi nilinuna pia.

Karibu na hapa kuna nyumba ya kina mama walioacha mambo ya dunia, wamenyoa nywele, wanaishi kwa sala na bustani. Nakwenda kwao kila siku. Niliwasomea barua yako nikiwafasiria, na mama mkuu akaniuliza jina lako mara mbili ili asilisahau.

Nimefikiri sana juu yako, Nunu, na nimeamua. Ukipita mwezi mpevu wa Mei, ambao kwetu ni sikukuu kubwa, nitakaa nawe. Nimeshamwambia mama mkuu, amekubali, amesema ni jambo jema. Niwekee nafasi kidogo tu, sihitaji kubwa. Hutakuwa peke yako tena.

Ndugu yako,
Somawathi


Tabora, 28 Aprili 1975

Kaka Thuwaini, shikamoo.

Mimi naendelea vizuri na eda, na watu wa hapa wanakusalimu. Nina neno, nakuomba ukae kabla ya kulisoma.

Mimi siendi Muscat. Soma anarudi Tabora kukaa na mimi, yule Soma binti wa karani wa simu. Ameniandikia kwa mkono wake: ukipita mwezi wa Mei nitakaa nawe, niwekee nafasi. Hana baba tena, hana mume, kwao wanamwona mgeni. Mimi pia najua nitakavyokuwa huko kwa Ami Nabhan: mjane wa kona, anayepishwa kwenye mkeka na kusahauliwa kwenye mazungumzo. Wewe una mke na watoto. Mimi na Soma tuna lugha moja na makaburi mamoja ya kukumbuka. Ni mtu anayenijua tangu sijavaa buibui.

Naomba ulitoe jina langu kwenye zile karatasi, msichelewe kwa ajili yangu. Na ukipata nafasi ya kumwandikia Soma, usimwambie lolote kuhusu hili. Nikimwambia kwamba nimeacha Muscat kwa ajili yake, atakuja huku anajiona ana deni, au hatakuja kabisa. Mwache aje na moyo mweupe.

Usinikasirikie. Tangu Muhanna azikwe, hii ndiyo barua ya kwanza niliyoandika bila kulia.

Mdogo wako,
Nunu


Dar es Salaam, 10 Mei 1975

Nunu,

Marahaba. Nimekwenda, nimelifuta. Ofisa ameniuliza mara ya pili kama nina hakika, maana jina likishafutwa halirudi, na Ami hawezi kuandika tena. Nimemwambia dada yangu ana hakika.

Mtu aliyerudi kwao haji kukaa Tabora. Hilo nalisema mara moja na sitalirudia.

Tunaondoka mwisho wa Juni. Nyumba ni yako, paa la upande wa jikoni linavuja. Ukitaka kuniandikia, anuani utaipata kwa Ami. Mimi sitaanza.

Thuwaini


Tabora, 20 Julai 1975

Shoga yangu Soma,

Eda imekwisha, nimeoga, nimevaa, nimetoka, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda sokoni kununua chokaa. Chumba cha mbele nimekipaka mwenyewe, Mwanamkuu akishika ngazi na kunicheka. Kina kitanda cha mama, kina dirisha la barabarani, na kwenye ukuta wa mashariki nimekuachia rafu tupu ya kuweka kitaa chako na maua. Mwalimu wa chuo cha Kurani hajanikataza. Nimemwambia mgeni wangu ana sala zake, na hakuna aliyewahi kuumwa kwa maua ya mwenziwe.

Yale uliyonifundisha najaribu. Nakaa kwenye msala baada ya alfajiri, nafuata pumzi, na kabla haijatoka nimeshafika kwenye foleni ya sukari. Kwenye zamu ya mtu anayenikera nimemweka karani wa lile duka la ushirika la Usoke. Kumtakia mema ni kazi, lakini juzi nimemwona hapa mjini amebeba mtoto mgonjwa mgongoni na nimejikuta namwambia pole, nikashangaa sauti ni yangu.

Thuwaini ameshaondoka na familia yake. Muscat ipo tu, haikimbii, nikitaka nitakwenda siku yoyote, kwa hiyo hilo lisikutie wasiwasi.

Mwezi mpevu wa Mei umepita. Na wa Juni umepita. Najua safari ni ndefu na serikali zina mihuri mingi. Hukuniambia unakuja kwa treni ipi, na hiyo ndiyo tabia yako, hata harusi yangu ulifika wali umeshaliwa. Kwa hiyo treni ya Dar ikija nakwenda stesheni. Wapagazi wameshanizoea, wananiwekea kigoda.

Niandikie japo mstari mmoja.

Wako,
Nunu


Galle, 9 Novemba 1975

Nunu, ndugu yangu,

Nimeteremka jana kutoka mlimani. Miezi ya mvua kina mama hawa huhamia nyumba yao ya msituni, wakakaa kimya, na barua haziletwi huko. Yako ilikuwa inaningoja kwa shangazi tangu Agosti. Nimeisoma nimesimama mlangoni, na mzigo sijautua.

Sijui nianzie wapi. Nilipoandika nitakaa nawe, nilimaanisha asubuhi, kwenye mkeka. Ile zamu ya pili, ya unayempenda, niliamua iwe yako kila siku. Mtu hukaa, anamweka mwenziwe moyoni, anakaa naye. Kwa Kisingala hakuna anayeweza kukosea. Kwa Kiswahili mtu anakaa kwenye mkeka na anakaa Tabora, neno ni hilo hilo, na mimi niliyezaliwa Tabora nimelisahau. Nafasi niliyoiomba ilikuwa nafasi katika siku yako. Wewe umenipakia chumba chokaa.

Na nimekaa nawe, Nunu, hilo ni kweli. Hakuna asubuhi niliyokuacha. Wewe ulikuwa kwenye kigoda stesheni, mimi nilikuwa mlimani nakutakia usiwe na hofu.

Siwezi kuja. Mlimani nimenyolewa nywele, nimetoa ahadi, sasa mimi ni mmoja wao. Hata kabla ya hapo, nauli nisingeipata, na pasi yangu inasema mimi ni mtu wa huku.

Namshukuru sana Thuwaini, na nashukuru mlango wa Muscat uko wazi. Nenda, tafadhali. Usiingoje treni tena. Nikijua uko kwenye nyumba yenye watoto wanaopiga kelele, nitakaa kwenye mkeka wangu bila kisu hiki moyoni. Niambie utakwenda, nipe anuani, nikuandikie huko.

Nisamehe.

Somawathi


Tabora, 30 Novemba 1975

Shoga,

Nimecheka mpaka Mwanamkuu akaja kuchungulia. Ya nini kuomba samahani? Mimi nilishahisi zamani, nilikuwa nakutania tu na hivyo vigoda vyangu. Chumba hakikupotea, Mwanamkuu ameingiza cherehani yake humo, anasema mwanga ni mzuri.

Muscat nakwenda. Thuwaini ameshatuma salamu kwamba niharakishe. Mwezi ujao nitakuwa njiani, kwa hiyo usiandike tena Tabora, barua zitapotea. Anuani ya Thuwaini, kwa Ami Nabhan, nimekuwekea nyuma ya karatasi hii.

Hongera kwa nywele. Kichwa chako kilikuwa kizuri, naamini kimewafaa.

Nunu


Muscat, 15 Februari 1976

Nunu,

Imekuja barua ya Sri Lanka, juu imeandikwa jina lako, chini langu. Nikadhani posta imekosea. Nimeifungua, unisamehe. Inakuuliza kama umezoea joto, na kama watoto wangu wanakusumbua usipumzike mchana.

Nimemsomea mke wangu. Yeye amelia, mimi nikatoka nje.

Nilikuwa nimeapa sitaandika mpaka uanze wewe. Jana nimekwenda ofisi ya serikali ya hapa, nimeuliza juu ya jina lako. Wamefungua daftari, wamenionyesha mstari uliokatwa, wamesema ndiyo basi. Ami Nabhan ni mzee, hawezi hata kushika kalamu. Nilimwambia ofisa dada yangu ana hakika, nikafurahi kukuandikia hivyo, ili ujue nimeumia. Ningeweza kusubiri wiki mbili kabla ya kwenda kulifuta. Hakuna aliyenikimbiza.

Sasa nifanye nini na huyu mtu? Nimwandikie ukweli?

Kaka yako,
Thuwaini


Tabora, 10 Machi 1976

Kaka Thuwaini, shikamoo.

Usimwandikie. Ameshatoa ahadi yake huko, amepata mahali. Akijua, ataiacha, au atabaki nayo na kidonda, na mimi sitaki kumpa hata kimoja. Nimeshamwambia niko kwako, basi niko kwako.

Nitafanya hivi. Barua zake utanitumia huku. Majibu nitaandika mimi, nitayatia ndani ya bahasha yako, wewe utabandika stempu ya Muscat na kutuma. Lakini siwezi kudanganya nchi nisiyoijua. Itabidi unieleze. Asubuhi mnasikia nini? Jua linaingia dirisha gani? Mkeo anapika nini, na samaki gani? Watu wanakucheka kwa Kiarabu chako? Binti yako mdogo bado anaogopa paka? Barua zako siku zote ni fupi kama simu ya msiba. Safari hii andika, kaka, andika mpaka mkono uume.

Paa la jikoni nimeliziba.

Mdogo wako,
Nunu


Muscat, 2 Desemba 1976

Shoga yangu Soma,

Barua yako ya Oktoba nimeipata. Umeniuliza mara ya tatu kama nina amani, kwa hiyo leo nakujibu vizuri.

Nyumba yetu iko chini ya mlima mweupe usio na hata jani. Asubuhi wa kwanza kusikika ni muuza maji na punda wake. Thuwaini akiongea Kiarabu dukani wanamwambia wewe unaimba, maana analivuta neno kama mtu wa Tabora. Yeye amekuwa mtu wa maneno mengi siku hizi, hutamwamini, jana amenieleza habari za samaki mmoja tangu anavuliwa mpaka alivyoingia chunguni. Binti yake mdogo anaogopa paka. Mkewe ananiita wifi mbele ya wageni na kunitengea mahali karibu yake. Sijawahi kuwa mtu wa kona.

Nakaa kila siku. Pumzi siku hizi inanisubiri. Karani wa duka la ushirika nimemtoa kwenye zamu ya wanaonikera, nimemhamishia kwa wale wasionipendeza wala kuniudhi, na si ajabu atapanda tena. Mahali pake palikaa wazi muda mrefu, kisha nikamweka mtu mwingine. Namtakia mema, ila sijafika mwisho wake.

Na jana, Soma, mvua ya kwanza. Ilipiga toka mchana, ile yenye harufu ya vumbi, na giza lilipoingia kumbikumbi wakatoka. Watoto wote wa mtaa wakaweka mabeseni ya maji chini ya taa ya barabarani. Mwanamkuu na mimi tukakaanga kwa chumvi mpaka jiko likaingia moshi. Nilikula nikitema mabawa, nikakukumbuka ulivyokuwa unakataa kula kiumbe, halafu unanusa sufuria.

Ndiyo hivyo. Nina amani.

Wako,
Nunu


Galle, 3 Januari 1977

Kwa Nunu, Tabora.

Muscat hakuna kumbikumbi.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, kina mama wakanitazama. Nikasoma tena, nikaliona jina la Mwanamkuu. Mwanamkuu wa cherehani, anayekaanga kumbikumbi chini ya mlima mweupe usio na jani. Basi sikucheka tena.

Nimezitoa barua zako zote, nimezipanga. Yako ya Julai, ya chokaa. Yako ya Novemba, ya kicheko. Hukwenda. Kwa mwaka mzima nimekuwa nakuuliza kuhusu joto la nchi ambayo hujaikanyaga, nawe unanijibu. Nani anabandika hizi stempu? Thuwaini? Basi na yeye amekuwa mwalimu mzuri wa uongo, maana yule punda nilimpenda.

Sijui kwa nini hukwenda, na naogopa kujua. Naogopa ulikuwa na nafasi, ukaiacha kwa neno langu moja. Kama ni hivyo niambie. Sisi hapa tumeahidi kutosema uongo. Ni ahadi ya nne, tunaisema kila asubuhi, na mimi nimeisema nikijua kwamba nilikuandikia nina amani siku ambazo sikuwa nayo. Bado naota kwa Kiswahili, Nunu. Naamka na hakuna wa kumweleza ndoto.

Kuja siwezi, hilo halijabadilika. Ila sitaki tena kukaa kila asubuhi na mtu wa Muscat ambaye hayupo. Nataka aliyepo, hata akiwa na hasira.

Barua hii naituma moja kwa moja nyumbani kwenu. Ukijibu, andika juu mahali ulipo.

Somawathi


Tabora, 11 Februari 1977

Soma,

Nimeandika Tabora. Mkono umezoea Muscat, nimekata mara mbili.

Ndiyo. Jina langu lilikuwa kwenye karatasi, nikamwambia Thuwaini alifute, akalifuta. Halirudi, ameuliza. Ni kwa sababu yako, na ni kwa sababu yangu, maana barua yako ningeweza kumpa mtu mwingine aisome kabla sijaikumbatia. Mwanamkuu aliniuliza, mbona hajataja nauli? Nikamwambia anyamaze.

Mtu niliyemweka mahali pa karani ulikuwa wewe. Nilikukasirikia sana. Nilikuwa nikikaa alfajiri nasema, Soma awe salama, Soma asiwe na hofu, na meno nimeyauma. Nilikuandikia nikicheka kwa sababu kama ningeandika siku ile nilivyokuwa, usingefungua barua yangu nyingine mpaka kufa.

Nina upweke, Soma. Neno hilo sijawahi kulisema kwa mtu, hata Muhanna alipokufa nilisema kuta. Nyumba hii ina vyumba vingi, nami nazunguka ndani yake na kufunga milango nyuma yangu. Jioni ndiyo mbaya. Nikisikia watu wanacheka barabarani natoka kama nina shughuli, nasimama, narudi.

Thuwaini nimemwambia umejua. Amejibu kwamba ataendelea kunieleza habari za Muscat hata kama hakuna wa kudanganywa, ameshazoea. Barua yake ya mwisho ilikuwa na kurasa sita.

Ahadi yako ya nne nimeisikia. Basi huu ndio ukweli mwingine: sijakusamehe. Najaribu, na haijafika. Usinitumie maneno ya kila kitu hupita, hayo nayajua. Niambie umeota nini, tangu mwanzo, usiruke kitu. Na andika upesi, maana lawama zangu bado hazijaisha na sina mwingine wa kumpa.

Nunu